Kipakatalishi Kinapogoma: Somo la Kuchunguza Usakinishaji wa Mfumo Endeshi Ulioshindikana

1. Utangulizi

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii aghalabu hufafanuliwa kwa mifano ya mwili wa binadamu, lakini inakifaa vilevile chombo ambacho leo hakuna mwanafunzi wa chuo kikuu awezaye kudai kwamba hakihitaji, yaani tarakilishi. Wengi wetu katika idara za Kiswahili tunaitumia tarakilishi kama mgeni anavyoitumia nyumba ya mwenyeji wake. Tunajua mahali pa kulala na mahali pa kulia, lakini paa likivuja hatujui hata ngazi inawekwa wapi. Siku kifaa kinapogoma, tunaona haya kusema kinaumwa wapi, na tunaishia kumwambia fundi, "Imekufa tu."

Makala haya yanadhamiria mambo mawili. Kwanza, yanaeleza hatua kwa hatua jinsi ya kuchunguza tatizo linalowakumba wengi: umeamua kuusakinisha upya mfumo endeshi wa kipakatalishi chako, na kazi ikakwama katikati. Pili, yanajaribu kuonyesha kwamba katika uchunguzi huo ufasaha wa lugha si pambo bali ni chombo cha kazi. Anayeweza kusema kwa usahihi usakinishaji umekwamia hatua gani amekwisha kulitatua tatizo nusu. Asiyeweza, yumo hatarini kupoteza hata kile ambacho hitilafu yenyewe haikukigusa. Hoja hii tutaithibitisha kwa kisa cha kweli.

2. Istilahi za Msingi

Kabla ya kuendelea, ni vyema tukubaliane kuhusu maana ya maneno yatakayotumika.

(a) Mfumo endeshi: programu kuu inayosimamia maunzi ya tarakilishi pamoja na programu nyingine zote. Windows, Linux na macOS ni mifano.

(b) Kusakinisha: kuiweka programu ndani ya tarakilishi hadi ikawa tayari kutumika.

(c) Programu ya kuamshia: programu ndogo inayotiwa kiwandani katika ubao mkuu wa tarakilishi. Hii ndiyo inayoamka kwanza tunapobonyeza kitufe cha kuwashia, ikakagua viungo vyote, kisha ikautafuta mfumo endeshi na kuukabidhi usukani. Ya kizamani huitwa BIOS na ya kisasa huitwa UEFI.

(d) Kigawanyo: sehemu ya diski iliyotengwa na kuhesabiwa kana kwamba ni diski inayojitegemea. Katika Windows, vigawanyo hupewa herufi kama vile C na D.

(e) Kuumbiza: kukiandaa kigawanyo kipokee data upya. Mitaani tunasema kufomati.

(f) Kiendeshi: programu ndogo inayouwezesha mfumo endeshi kuwasiliana na kifaa fulani, mathalani diski, skrini au antena ya mtandao.

(g) Flashi: kijidiski kinachochomekwa katika tundu la USB. Kuna waliopendekeza majina mengine, lakini hili ndilo linaloeleweka kuanzia maktabani hadi kwenye vibanda vya kuchapishia.

Fauka ya hayo, yapo maneno matatu ya kawaida ambayo, yasipotumiwa kwa uangalifu, huleta balaa. La kwanza ni kumbukumbu. Neno hili hutumiwa kwa kitu kinachohifadhi data wakati tarakilishi inawaka tu, na pia kwa diski inayoihifadhi hata umeme ukikatika. La pili ni kuwasha. Kuna kuwasha kwa maana ya umeme kuingia na taa kumulika, na kuna kuwasha kwa maana ya mfumo endeshi kupanda hadi ukawa tayari. Kipakatalishi kinaweza kuwaka kwa maana ya kwanza na kisiwake kwa maana ya pili. La tatu, na ndilo la hatari kuliko yote, ni kufuta. Tunafuta faili moja, tunafuta yaliyomo katika kigawanyo kwa kukiumbiza, na tunakifuta kigawanyo chenyewe pamoja na mpaka wake. Haya ni matendo matatu tofauti, ilhali katika mazungumzo yote yanabebwa na kitenzi kimoja.

3. Kisa cha Mwanafunzi Mtafiti

Mnamo mwaka wa 2023, mwanafunzi mmoja wa uzamili alimjia mwandishi wa makala haya akiwa amekikumbatia kipakatalishi chake kama mtu aliyembeba mtoto mgonjwa. Alikuwa akitafiti hadithi na nyimbo za wazee wa pwani ya kusini ya Kenya. Ndani ya kifaa hicho, alichokinunua kikiwa mtumba, mlikuwa na saa kadhaa za sauti alizozirekodi nyanjani. Mmoja wa wasimulizi wake alikuwa ameaga dunia. Sauti ile haingeweza kurekodiwa tena.

Diski ya kipakatalishi ilikuwa na vigawanyo viwili alivyovitambua. Cha C kilikuwa na mfumo endeshi, na cha D kilikuwa na sauti za wazee. Unukuzi wake, yaani maandishi aliyokuwa akiyachapa huku akisikiliza sauti hizo, aliuweka kwenye uso wa skrini, mahali ambapo wengi wetu humwaga kila kitu. Hakujua kwamba kinachoonekana kwenye uso wa skrini kwa kawaida huwa kimehifadhiwa katika kigawanyo C.

Asubuhi moja mfumo haukupanda. Rafiki yake akamtengenezea flashi ya kusakinishia Windows 10. Alipokiwasha kifaa na kuifungua orodha ya kuchagulia mahali pa kuamkia, aliiona flashi yake imeandikwa mara mbili: mstari mmoja ukitanguliwa na herufi UEFI, na mwingine bila herufi hizo. Akauchagua ule mfupi. Programu ya kusakinisha ikafunguka. Akakichagua kigawanyo C, akakiumbiza, kisha akabonyeza kitufe cha kuendelea. Hapo ndipo alipokataliwa: skrini ilimweleza kwa Kiingereza kwamba Windows haiwezi kusakinishwa katika diski hiyo kwa kuwa imepangwa kwa mtindo wa GPT.

Akampigia simu rafiki yake. "Inasemaje?" "Inakataa diski." "Basi futa zote uanze upya." Kidole chake kilikuwa tayari kwenye kitufe alipojiuliza: zote zipi? Swali hilo la maneno mawili ndilo lililoziokoa sauti za wazee. Tutarejea kwenye kisa hiki baada ya kuieleza njia ya uchunguzi.

4. Kanuni ya Kwanza: Okoa Data Kabla ya Kutibu Kifaa

Kifaa hununuliwa, mfumo endeshi hupakuliwa, lakini data ya utafiti haina duka. Kwa hivyo, mtu yeyote ambaye usakinishaji wake umekwama na ambaye hana nakala ya data zake mahali pengine, asiendelee kubonyeza chochote. Azime kifaa kwanza.

Mfumo endeshi kutopanda hakumaanishi kwamba diski imekufa. Ipo mifumo endeshi ya Linux, Ubuntu ikiwa mojawapo, inayoweza kuendeshwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kusakinishwa. Ubuntu ilitolewa kwa mara ya kwanza mnamo Oktoba 2004 na inapatikana bila malipo. Ukikiamsha kipakatalishi kwa flashi hiyo na kuchagua kuijaribu badala ya kuisakinisha, utaweza kuifungua diski ya ndani na kunakili faili zako kwenye diski ya nje.

Kuna tahadhari mbili. Ya kwanza inahusu vipakatalishi ambavyo diski zake zimefungwa kwa usimbaji fiche. Katika Windows ulinzi huo hujulikana kama BitLocker, na kuifungua diski hiyo ukiwa nje ya mfumo wake kunahitaji ufunguo wa tarakimu 48. Mara nyingi ufunguo huu huwa umehifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mwenye kifaa. Utafute kabla ya kugusa mipangilio yoyote. Tahadhari ya pili ni kwamba kigawanyo kilichokwisha kuumbizwa kisiandikwe kitu kingine. Katika diski za kizamani zinazozunguka, uumbizaji wa haraka hufuta fahirisi tu, na kurasa zenyewe hubaki hadi ziandikwe juu yake, hivyo programu za kuokoa data huweza kuzisoma. Katika diski za kisasa zisizozunguka, yaani SSD, mfumo huiarifu diski kwamba nafasi hiyo haihitajiki tena, nayo huisafisha kimyakimya. Huko matumaini huwa haba.

5. Hatua Tano za Usakinishaji na Mahali Unapokwamia

Usakinishaji ni safari yenye vituo. Badala ya kuuliza "Kwa nini imekataa?", mchunguzi aulize "Imekwamia kituo gani?" Kila kituo kina maradhi yake.

5.1 Kuamka kwa flashi

Kituo cha kwanza ni programu ya kuamshia kuiona flashi. Orodha ya kuchagulia hufunguliwa kwa kubonyeza kitufe fulani mara tu kifaa kinapowashwa: katika vipakatalishi vingi vya Dell na katika ThinkPad za Lenovo ni F12, na katika vingi vya HP ni F9. Ikiwa flashi haimo katika orodha, jaribu tundu jingine kwanza. Likishindikana, shuku jinsi flashi ilivyotengenezwa. Wengi hupakua faili la mfumo endeshi na kulinakili kwenye flashi kama wanavyonakili wimbo. Hilo halitoshi. Faili hilo sharti liandikwe kwa programu maalumu itakayoifanya flashi iweze kuamsha tarakilishi. Kwa Windows, flashi yenyewe iwe na nafasi isiyopungua gigabaiti 8.

5.2 Kuonekana kwa diski

Programu ya kusakinisha imefunguka, lakini ilipofika mahali pa kuchagua diski, orodha ni tupu. Wengi hukata kauli hapa kwamba diski imekufa. Wasiharakishe. Ingia katika mipangilio ya programu ya kuamshia uangalie kama diski imeorodheshwa huko. Ikiwa haimo kabisa, huenda diski imelegea au imeharibika kweli. Ikiwa imo, basi diski ni nzima, na kilichokosekana ni kiendeshi. Hali hii hutokea katika vipakatalishi vingi vyenye vichakato vya Intel vya kizazi cha 11 na baadaye, ambavyo huipitisha diski katika utaratibu uitwao VMD. Dawa yake ni kupakua kiendeshi husika kutoka kwa mtengenezaji wa kipakatalishi, kukiweka kwenye flashi, na kukipakia kwa kitufe kilichopo kwenye skrini hiyohiyo.

Tatizo hili si geni. Waliosakinisha Windows XP, iliyotolewa mwaka wa 2001, wanakumbuka jinsi walivyolazimika kubonyeza F6 na kuingiza kisahani laini chenye kiendeshi ili diski za aina mpya wakati huo zionekane.

5.3 Kukubaliwa kwa diski

Diski imeonekana lakini imekataliwa. Hapa kuna sababu kuu mbili. Ya kwanza ni kutopatana kwa njia ya kuamkia na mpango wa diski. Mpango wa zamani, MBR, huruhusu vigawanyo vikuu 4 tu na hauwezi kuhesabu zaidi ya terabaiti 2 katika diski za kawaida. Mpango mpya, GPT, huruhusu vigawanyo 128 katika Windows. Windows hushikilia kwamba aliyeamka kwa njia ya UEFI asakinishe katika diski ya GPT, na aliyeamka kwa njia ya BIOS asakinishe katika diski ya MBR. Flashi moja inaweza kuamka kwa njia zote mbili, na ndiyo sababu huonekana mara mbili katika orodha. Kwa hivyo mtu akiambiwa kwamba diski ni ya GPT na haifai, mara nyingi diski haina kosa lolote. Yeye ndiye aliyeingilia mlango usio wake. Azime, awashe, auchague mstari wa UEFI.

Sababu ya pili ni masharti ya mfumo wenyewe. Windows 11, iliyotolewa Oktoba 2021, hudai kumbukumbu ya muda isiyopungua gigabaiti 4, diski isiyopungua gigabaiti 64, na kijenzi cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0. Vipakatalishi vingi vya mtumba havitimizi masharti haya. Na kwa kuwa Microsoft ilikomesha huduma za kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wenye vifaa vya aina hiyo hawana budi kufikiria mifumo mingine, Linux ikiwemo, badala ya kupigana na mlango uliokwisha kufungwa.

5.4 Kunakiliwa kwa faili

Diski imekubaliwa, asilimia zinapanda, kisha kazi inakatika. Huenda skrini ikaonyesha nambari kama vile 0x80070570, ambayo maana yake ni kwamba faili fulani halisomeki au limeharibika. Washukiwa ni wanne, na wachunguzwe kuanzia wa bei nafuu: flashi, faili lililopakuliwa, kumbukumbu ya muda, kisha diski.

Jaribu flashi nyingine. Kuhusu faili, watoaji wengi wa mifumo endeshi huchapisha alama ya utambulisho ya faili lao inayokokotolewa kwa njia ya SHA-256. Alama hiyo ina herufi na tarakimu 64. Ukiikokotoa alama ya faili ulilopakua na ikatofautiana hata kwa herufi moja na ile iliyochapishwa, faili lako ni bovu, pengine kwa sababu mtandao ulikatika. Ikiwa flashi na faili ni salama lakini kazi inakatika kila mara mahali tofauti, shuku kumbukumbu ya muda na uipime kwa programu kama Memtest86+. Ikiwa inakatika mahali palepale kila mara, shuku zaidi faili au diski.

5.5 Kuwaka upya

Kunakili kumekamilika, kifaa kimejizima na kujiwasha, halafu kazi imeanza tena kutoka mwanzo. Wapo waliorudia safari hii mara tano wakidhani wamerogwa. Sababu ni nyepesi: kifaa kimeamka tena kwa flashi badala ya diski. Chomoa flashi mara kifaa kinapojizima baada ya kunakili, au ubadilishe mpangilio wa kuamkia ili diski itangulie.

Ikiwa mfumo umepanda lakini hauuoni mtandao, kilichokosekana ni kiendeshi cha antena. Kiletwe kwa flashi kutoka tarakilishi nyingine, au simu iunganishwe kwa waya ili igawe mtandao wake kwa muda. Hali kadhalika, tarehe ikiwa inarudi nyuma kila unapozima kifaa, betri ndogo ya saa iliyo kwenye ubao mkuu imechoka na ibadilishwe. Tarehe isiyo sahihi huzifanya tovuti salama zikatae kufunguka.

Hatimaye, kazi yote ifanywe betri ikiwa imejaa na chaja ikiwa imechomekwa. Umeme ukipotea wakati wa kunakili, unarudi ulikotoka.

6. Kukirejea Kisa

Sasa msomaji anaweza kukisoma kisa cha yule mwanafunzi kwa jicho la mchunguzi. Alikwamia kituo cha tatu. Diski yake ilikuwa nzima na mpango wake wa GPT ulikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kuuchagua mstari usiokuwa na UEFI. Tiba yake ilikuwa kuzima na kuanza tena kwa mlango unaofaa, jambo lisilogharimu hata senti moja.

Ushauri wa "futa zote" nao haukuwa uongo. Mtu akivifuta vigawanyo vyote, programu ya kusakinisha huipanga diski upya kwa mtindo unaolingana na mlango alioingilia, na pingamizi lile huondoka. Lakini data nazo huondoka pamoja nalo. Rafiki alikuwa na maana ya vigawanyo vya mfumo, ambavyo kwenye skrini vilionekana kama mistari mitatu minne isiyoeleweka. Mwanafunzi alisikia vigawanyo vyote, D ikiwemo. Kitenzi kimoja, maana mbili, na katikati yake sauti ya mzee aliyekwisha kuzikwa.

Tuliamsha kifaa kwa flashi ya Ubuntu, tukazinakili sauti zote za D kwenye diski ya nje, na tukazisikiliza chache ili kuhakikisha kwamba zimefika salama. Ndipo tukarudi kwenye usakinishaji. Tulipoingia kwa mstari wa UEFI diski ilikubaliwa mara moja. Hata hivyo, kunakili kulikatika mahali palepale mara mbili. Tulipolikagua faili la rafiki yake, alama ya SHA-256 haikulingana na iliyochapishwa. Tukalipakua upya, tukaiandika flashi upya, na jioni hiyo kipakatalishi kikapanda.

Hata hivyo, hatukuokoa kila kitu. Unukuzi uliokuwa kwenye uso wa skrini ulikuwa umepotea tangu C ilipoumbizwa. Diski ilikuwa SSD, na programu za kuokoa data hazikupata chochote cha kusomeka. Mwanafunzi yule alikaa wiki sita akinukuu upya kazi aliyokwisha kuifanya. Leo ana nakala tatu za kila faili: moja katika kifaa, moja katika diski ya nje iliyoko kwao nyumbani, na moja mtandaoni. Akiulizwa sababu, hucheka tu.

7. Funzo kwa Wanaisimu

Huenda msomaji akauliza: hili linawahusuje wanafunzi wa Kiswahili? Linawahusu kwa namna ifuatayo. Juhudi za kukiingiza Kiswahili katika tarakilishi si haba. Mnamo Desemba 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zenye menyu za Kiswahili. Windows nayo inaweza kuongezewa Kiswahili. Lakini angalia ni lini: ni baada ya mfumo kukwisha kusakinishwa. Programu ya kusakinisha Windows yenyewe haina Kiswahili katika orodha ya lugha zake. Kwa maneno mengine, Kiswahili hualikwa nyumba ikishaezekwa. Siku ya kujenga, na siku ya paa kuvuja, hakipo. Mtumiaji huachwa na ujumbe wa kigeni na rafiki wa kwenye simu.

Pengo hilo haliwezi kuzibwa kwa kuunda nomino pekee. Tunayo tarakilishi, iliyoundwa kutokana na tarakimu na akili, na kipakatalishi, kilichoongezewa kitenzi kupakata. Ni majina mazuri. Hata hivyo, anayekabiliwa na skrini iliyomkatalia hahitaji jina la kifaa. Anahitaji vitenzi vinavyotofautisha matendo. Kama tungekuwa na mazoea ya kusema "futa faili", "umbiza kigawanyo" na "ondoa kigawanyo", simu ile ya mwaka wa 2023 isingekuwa na utata. Istilahi huzaliwa kamusini, lakini hukomaa katika maelekezo ya kazi.

8. Maswali ya Mjadala

1. Eleza tofauti kati ya kufuta faili, kuumbiza kigawanyo na kuondoa kigawanyo. Pendekeza kitenzi kimoja kwa kila tendo na utetee pendekezo lako.

2. Programu ya kusakinisha haioni diski yoyote, lakini programu ya kuamshia inaiona. Je, tatizo liko wapi, na utalitatua vipi?

3. Mwandikie mwenzako aliye mbali maelekezo yasiyozidi mistari kumi ya kuokoa faili kutoka kwenye kipakatalishi ambacho mfumo wake haupandi. Kisha mpe mtu asiye na ujuzi ayasome, na uandike kila mahali alipokwama.

4. "Kutaja kituo cha hitilafu ni nusu ya tiba." Jadili kwa kurejelea kisa kilichosimuliwa.

9. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba usakinishaji ulioshindikana si uchawi wala mkosi. Ni safari yenye vituo vitano: flashi kuamka, diski kuonekana, diski kukubaliwa, faili kunakiliwa, na kifaa kuwaka upya. Kabla ya vituo vyote kuna wajibu mmoja usioahirishwa, nao ni kuokoa data. Msomaji akikumbuka haya mawili, ataweza kumweleza fundi kilichotokea bila kusema "imekufa tu", na fundi atajua pa kuanzia. Zaidi ya yote, mtu akimwambia afute zote, aulize kwanza: zote zipi?